Joto la Bi Mkubwa

Injini iliyolala tangu Jumamosi haina haki ya kuwa na joto la mtu. Mama Pacha alilijua hilo kama alivyolijua jina lake, ndiyo maana Jumatatu ile asubuhi, alipochomeka kompyuta yake ya kupimia kwenye buldoza na kusoma thelathini na saba, alicheka peke yake na kuipiga kompyuta kikofi cha ubavuni. Namba haikubanduka. Akavua glavu, akaweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa cha baridi, kimelowa umande.

"Bi Mkubwa, umeanza uongo uzeeni," akasema.

Ndilo jina buldoza ile ililopewa na watu wote wa machimbo ya kokoto. Ilikuwa kubwa kuliko mitambo mingine, ilikunywa dizeli bila haya, na asubuhi hakuna gari lililosogea kabla yeye hajasafisha njia. Injini yake ilikuwa na pande mbili, kushoto na kulia, na kila upande ulikuwa na sensa yake ya joto: kidude cha shaba kisichozidi kidole gumba, kinachohisi joto la maji ya injini na kuipelekea kompyuta habari. Sensa ikisema jambo lisiloingia akilini, taa ya njano inawaka na kompyuta inatoa namba ya hitilafu. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuisoma namba hiyo na kumtafuta mwongo. Mwongo ni sensa, au waya, au injini yenyewe. Mafundi wenzake walimtania kwamba yeye ni hakimu wa vyuma, na yeye hakukikataa cheo hicho.

Aliyekuja kuripoti taa ya njano alikuwa opereta wa Bi Mkubwa, ambaye kwa bahati au kwa mapenzi alikuwa pia baba wa watoto wake.

"Futa tu hiyo namba, Mama Pacha, nikaanze kazi," alisema. Alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Nifute bila kujua kilichoiwasha? Tangu lini?"

"Basi weka rezista, kama wanavyofanya wengine."

Rezista ni kijidude kinachofungwa mahali pa sensa ili kuidanganya kompyuta kwamba joto ni la kawaida siku zote, hata injini ikiungua. Mama Pacha aliuchukia ujanja ule kuliko kitu chochote katika kazi yake. Alikwisha kuona mtambo uliounguzwa nao.

"Mtambo unaombeba mume wangu siudanganyi," akamjibu.

Baba Pacha akatazama viatu vyake. Mama Pacha alidhani ameguswa, akatabasamu, akapanda kwenye ubavu wa kushoto wa injini.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Injini hunuka dizeli, oili na mpira wa zamani, na pua ya fundi haishtuki na hayo. Hii ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto aliyeamka sasa hivi, jasho la usingizi na maziwa kwa mbali. Alijinusa mikono, alijinusa ovaroli. Akasema moyoni kwamba ameibeba nyumbani, kwa maana asubuhi alikuwa amewavalisha pacha wake viatu wakiwa bado wanasinzia.

Akachomoa plagi ya sensa ya kushoto. Ndivyo kipimo cha kwanza kinavyofanywa: unachomoa, unatazama kama namba itaanguka hadi chini kabisa. Namba ilianguka vizuri. Akawa anatikisa kichwa kuikubali, simu ikalia mfukoni.

"Mama wa pacha?" Alikuwa mwalimu wa shule. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayejikaza asiwatishe watoto waliomzunguka. "Njoo. Binti yako ameanguka darasani. Anapumua, lakini hasikii chochote. Nimemfinya, hasikii."

Binti huyo walimwita Kelele, na ndugu yake aliyezaliwa naye walimwita Kimya, na asiyejua sababu alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile. Mama Pacha aligeuka kutaka kukimbia. Lakini mikono ya fundi ina akili zake: haiachi plagi inaning'inia. Simu ikiwa imebanwa begani, mikono ile ikairudisha plagi mahali pake, tak.

"Subiri," akasema mwalimu. "Subiri, mama. Amefumbua macho. Anauliza kama chakula kimeiva."

Mama Pacha alikaa juu ya mnyororo wa buldoza akalia kidogo kwa afueni, kisha akakimbilia shuleni. Baba Pacha hakuuliza kilichotokea. Hilo nalo alikuja kulikumbuka baadaye.

Kesho yake Kimya aliamka na homa. Aliachwa kwa jirani, na Kelele akaenda shule akilalamika kwamba homa kila mara inapewa mwenzake. Karakanani, taa ya njano ilikuwa imerudi. Upande wa kushoto ulisoma thelathini na saba. Upande wa kulia ulisoma thelathini na tisa.

Baba Pacha aliwasha injini kwa amri ya mkewe, akiwa hataki. Bi Mkubwa alinguruma kama siku zote, lakini chini ya ngurumo ile kulikuwa na mlio mwingine mwembamba, wa vitu vigumu viwili vinavyosagana taratibu, vikiacha, vikianza tena. Mama Pacha alitega sikio. Si gia, gia hazipumziki hivyo. Aliujua mlio ule, ila hakukumbuka aliusikia wapi, na jambo hilo lilimkera kama jina lililokwama ulimini.

Akaamuru injini izimwe, akafanya kile ambacho fundi yeyote wa sensa angefanya. Sensa mbili zikiwa za aina moja, unazibadilisha: ya kulia unaifunga kushoto, ya kushoto unaifunga kulia. Hitilafu ikihama pamoja na sensa, sensa ndiyo mbovu. Hitilafu ikibaki palepale, sensa ni nzima na ugonjwa uko katika upande ule wa injini. Akazifungua zote mbili pamoja na vipande vya waya vilivyoungana nazo, akazifunga upya upesi, akawasha kompyuta.

Kushoto, thelathini na saba. Kulia, thelathini na tisa. Joto halikuhama. Sensa zilikuwa nzima, basi, na kulikuwa na kitu upande wa kulia.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta Kimya barazani akikimbiza mpira wa soksi, mzima kama aliyezaliwa upya. Kelele alikuwa kitandani. Alirudishwa kutoka shule asubuhi, jirani akamwambia, saa ile ile ambayo Kimya, baada ya kuzimia kidogo, aliruka ghafla akaomba chai. Mama Pacha aliweka kipimajoto kwapani mwa binti yake, akasubiri, akakisoma, akakisoma tena karibu na dirisha. Thelathini na tisa.

Joto halikuhama. Watoto ndio waliohama.

"Nimesahau kitu kazini," alimwambia mumewe, na sauti yake mwenyewe ilimfikia kwa mbali. "Kaa na Kelele. Ushike simu."

Jua lilikuwa linazama alipofika karakanani, na mafundi walikuwa wameondoka, na mlinzi alikuwa langoni akisikiliza redio. Akapanda kwenye ubavu wa kulia wa Bi Mkubwa akiwa na tochi na kitambaa alichokiloweka maji ya mtungini. Kompyuta ilisema thelathini na tisa. Akampigia mumewe.

"Mwekee mkono Kelele."

"Ana moto bado. Kwani kuna nini?"

Mama Pacha akakizungusha kitambaa cha maji kwenye sensa, taratibu, kama anavyomfunga mtoto kitambaa usoni, na namba ikaanza kushuka, na ndani ya simu akamsikia binti yake akilia kwamba maji yanamwagika kichwani, baba, maji ya baridi, nani ananimwagia maji.

Alikibandua kitambaa kile kwa pupa hata akajikwaruza. Na kabla hajashuka, kabla hajajua kama atashuka au ataanguka, mlio ule mwembamba wa kusagana ukaanza ndani ya injini iliyozimwa, isiyo na kitu chochote kinachoweza kuzunguka, na safari hii aliutambua, kwa sababu alikuwa ameusikia kila usiku kwa miaka saba kupitia ukuta wa chumba cha watoto: ni Kimya akisaga meno usingizini, Kimya ambaye wakati ule alikuwa nyumbani na mpira wake wa soksi, na kusaga kule kukapanda kwenye bomba la hewa, kukageuka pumzi, na pumzi ikatoka juu ya kichwa chake ikiwa ya vuguvugu na harufu ya maziwa, ikasema kwa sauti ya Kelele, bila haraka, kama mtoto anayeomba blanketi:

"Usinitoe. Huko kwenye jiwe kuna baridi."

Mikono ya Mama Pacha ikaangaza tochi kwenye kile kipande cha waya cha sensa, mahali ambapo tepu nyeusi ilikuwa imefura kuliko inavyopaswa. Mchana hakuiona, alikuwa anatafuta mwongo wa chuma. Sasa aliona pia kwamba tepu ile ilizungushwa kinyume, jinsi anavyozungusha mtu wa mashoto. Pale machimboni wenye mashoto hawakuwa wengi. Yeye alikuwa amelala ubavuni mwa mmoja wao kwa miaka kumi.

Aliipasua tepu kwa wembe bila kuugusa waya. Ndani yake kulikuwa na jino la mtoto. Alivuka kwenye ubavu wa kushoto na kupasua tepu ya pili, na jino la pili lilikuwa limemeguka pembe, nalo alilijua: Kimya aliligonga kwenye ngazi ya mlango alipokuwa anajifunza kutembea.

Meno yale aliyaweka mwenyewe katika kikopo cha bati kabatini, chini ya nguo za sikukuu. Pacha walipong'oka meno walilia yasitupwe, na walipoona yeye amerudi kutoka hospitali na gego lake kwenye karatasi, wakashikilia kwamba mama naye aweke lake, lisikae peke yake. Kikopo kile kilijulikana na watu wanne. Watoto hawakufikia rafu ile.

Aliyarudishia meno tepu kama yalivyokuwa, kwa sababu aliogopa kuyatoa, na akatembea hadi nyumbani.

Kikopo alikikuta mahali pake. Ndani kulikuwa na gego lake tu. Alikitikisa mbele ya mumewe, jikoni, mlango ukiwa umefungwa ili watoto wasisikie.

"Mengine yako wapi?"

Baba Pacha alikaa chini sakafuni. Hakukana, na hilo lilimuumiza Mama Pacha zaidi, kwa kuwa alikuwa bado ana tumaini kwamba mumewe atakana.

"Unakumbuka siku Bi Mkubwa alipoteleza?" akanong'ona.

Nani asingekumbuka? Breki zilikufa, injini ikazimika, na mtambo mzima uliteleza juu ya kokoto hadi kwenye ukingo wa shimo la machimbo, ukasimama wenyewe, blade, lile bamba la mbele la kusukumia mawe, ikining'inia hewani. Watu wote walishangilia. Mama Pacha alimkumbatia mumewe mbele ya wakubwa zake bila kuona aibu.

"Haukusimama wenyewe," alisema Baba Pacha. "Kuna kitu kiliushika. Kilikuwa ndani ya kile kibanda changu, mgongoni kwangu, na pumzi yake ilikuwa ya baridi kama pango. Kilisema tumelipasua jiwe lake kwa baruti na sasa kinakaa kwenye chuma, na chuma hakihisi kitu. Kilitaka mwili wa kuhisia. Kikasema, nikikushika utanipa nani?"

"Ukasemaje?"

"Niliogopa, mke wangu."

"Nimekuuliza ulisemaje."

"Nikasema nina watoto."

Mama Pacha alishika ukingo wa meza. Upande wa pili wa ukuta Kelele alikohoa.

"Kilitaka mmoja tu," aliendelea kunong'ona, na machozi yalikuwa yanamtiririka. "Kikanifundisha kufunga jino la mtoto kwenye waya wa sensa. Mimi nilishindwa kuchagua. Nitachaguaje kati ya watoto wangu? Nikaweka wote wawili, nikakiachia kichague chenyewe."

Alikuwa anayasema haya kama mtu anayejitetea. Ndivyo alivyoona, kwamba kutochagua ni huruma. Mama Pacha alimtazama mtu huyu ambaye yeye alimpikia, akamfulia, akagombana na ndugu zake mwenyewe kwa ajili yake. Angemkuta na mwanamke mwingine angejua la kusema.

"Kesho asubuhi," alisema hatimaye, "utakuja nami kwa Mzee Chakavu."

Mzee Chakavu alikuwa na uwanja wa vyuma vikuukuu nje ya mji, na kila dereva alijua kwamba gari linaloua watu, au linaloita majina ya watu, hupelekwa kwake kabla ya kuuzwa. Alikuwa mfupi, mkorofi, anayetafuna karafuu mfululizo. Alikuja machimboni na mkoba wa spana kama fundi mwingine yeyote, akasikiliza maelezo bila kukatiza, akaweka sikio kwenye ubavu wa Bi Mkubwa kwa muda mrefu. Alipoliondoa, sikio lilikuwa jekundu.

"Limekwisha kuzoea," alisema. "Si jini baya kama mengine, lakini halishibi. Linahisi kupitia mtoto, likichoka na joto la mtoto linataka zaidi, na mtoto ana joto kiasi gani?"

"Lifukuze," alisema Mama Pacha.

"Nilifukuze liende wapi, binti yangu? Mmelivunjia nyumba. Mimi ninachoweza ni kulibadilishia. Awekwe mtu mzima mmoja wa nyumba ile ile, upande huu wa kulia linapokaa. Mtu mzima atalihimili miaka mingi, injini isipoungua. Injini ikiungua, ataungua nayo. Na kiti hiki kisiachwe wazi hata siku moja, maana litarudi kwa wale lililowazoea." Akamgeukia Baba Pacha, karafuu ikasimama shavuni. "Anayestahili anajulikana."

Baba Pacha akainamisha kichwa. Mama Pacha akaelewa, akasema, "Nitatoa mimi."

"Hapana." Baba Pacha alimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana Mama Pacha kumruhusu amguse. "Mimi ndiye niliyekosa. Niachie hili moja nilifanye kama mwanamume. Tafadhali, Mama Pacha."

Alienda zake, na alirudi mchana akiwa na shavu lililofura, pamba mdomoni, na damu kidogo kwenye ukosi. Alisema neno mojamoja kupitia pamba. Kiganjani alikuwa na gego kwenye kipande cha shashi, lenye mizizi yake na wekundu wake.

"Ni lako?" aliuliza Mzee Chakavu.

"Langu."

Mzee alimwangalia muda, kisha akaanza kisomo chake kwa sauti ya chini ambayo Mama Pacha hakuyashika maneno yake. Meno madogo mawili yalitolewa kwenye tepu moja baada ya jingine, yakaingia mkobani mwa mzee, na alipotoa la Kelele, injini iliyozimwa ilivuta pumzi ndefu, vioo vya kibanda vikatetemeka, na harufu ya maziwa ikawa nzito hata kila mtu akaziba pua. Baba Pacha alilifunga gego kwenye waya wa kulia kwa mkono wake wa kushoto. Injini ikatulia. Kompyuta ilisoma ishirini na nne upande wa kushoto, joto la chuma kilichokaa kivulini. Upande wa kulia ilisoma thelathini na saba.

Nyumbani Kelele alikuwa amekaa kitandani akidai uji.

Mama Pacha alimsamehe mumewe usiku ule. Haikuwa rahisi, lakini mtu aliyejing'oa jino na kujifunga kwenye injini kwa ajili ya wanawe alikuwa amelipa, na yeye hakuwa mwanamke wa kudai mara mbili. Alimkandia shavu kwa kitambaa cha moto. Alimsagia chakula kwa wiki nzima. Akaanza hata kumpenda upya, kwa aina ya mapenzi yenye kovu, na alijiambia kwamba wengine wanaishi na madogo kuliko hayo na wanashindwa.

Joto alilolisikia siku zile alilitafsiri vingine. Lilikuwa linampanda asubuhi kazini, kutoka miguuni hadi shingoni, likimwacha na jasho lililonuka chuma. Jirani alimcheka kwamba ni utu uzima unabisha hodi. Mama Pacha alicheka naye.

Jumapili moja alasiri walikuwa wote barazani. Kelele, ambaye jino jipya lilikuwa linamchomoza, alikuwa ameanzisha mashindano ya mapengo. Kimya alionyesha lake. Mama akaonyesha lake la nyuma, akivuta shavu kwa kidole. Ikafika zamu ya baba.

"Langu halionekani," alisema Baba Pacha. "Liko ndani sana."

"Tuone."

"Linauma bado, mwanangu."

Watoto wakamrukia, mmoja huku, mwingine kule, wakimtekenya mbavuni, na yeye siku zote alikuwa dhaifu wa kutekenywa. Alipinga, akajikunja, mwisho akaanguka chali juu ya mkeka akacheka kwa mdomo wazi, mpana, jua likiingia mpaka kooni. Kelele aliinama akachungulia kwa makini, kidole kikipita juu na chini.

"Baba hana pengo," akatangaza. "Baba anayo yote."

Baba Pacha alifunga mdomo. Hakumtazama mkewe.

Mama Pacha aliinuka, akaingia chumbani, akapapasa chini ya nguo za sikukuu. Alikitikisa kikopo karibu na sikio, ingawa kwa wepesi wake mkononi alikwisha kujua. Hakikutoa sauti.

Baba Pacha alikuja kusimama mlangoni.

"Nilijitolea," Mama Pacha alimwambia, na sauti yake ilikuwa tulivu hata yeye mwenyewe akashangaa. "Mbele ya yule mzee nilisema nitatoa mimi. Ungekaa kimya tu, ningekwenda kulichukua mwenyewe nikakupa. Kwa nini uliniibia kitu nilichokuwa nakupa?"

Mama Pacha alikuwa amezoea kumtafuta mwongo mpaka ampate, na huyu alimwona waziwazi. Mumewe alitaka kuokoka, na alitaka kusamehewa, vyote kwa pamoja, na gego moja lilimpatia vyote. Na yeye alimsagia chakula.

"Nitaendesha kwa uangalifu," Baba Pacha alinong'ona. "Naapa. Sitamwacha apate moto kamwe."

Jumatatu asubuhi Mama Pacha alikaa kwenye benchi lake la kazi karakanani. Kulichomoa jino hakuweza, kwa maana angeanguka kama Kelele alivyoanguka, na kiti kingebaki wazi, na alijua nani wangekaliwa tena. Mtu mzima mwingine wa nyumba ile alikuwa mumewe tu, naye alikwisha kuonyesha kwamba hatatoa jino lake. Kwa hiyo alisikiliza. Alimsikia Bi Mkubwa akiwashwa kule juu, na wakati huohuo vuguvugu likamwingia nyayoni. Alimsikia akianza kupanda mteremko, blade imejaa mawe, na vuguvugu likapita magotini, likafika kiunoni, likawa joto.

Akachukua redio ya mkononi.

"Baba Pacha, punguza mzigo. Simama kidogo apoe."

Redio ilikoroma, kisha ikaja sauti ya mumewe, laini, ya upendo, ile ile aliyomposea nayo.

"Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Nimesimama."

Kule juu injini ilikuwa bado inapanda. Mama Pacha alifungua kifungo cha ukosi wake, na joto likamfika kifuani.